MAJI YALIYO CHINI YA ARDHI NA NG'OMBE WA MAZIWA

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Mahujaji wa pwani warudipo kutoka Makka na Madina huyasifu maziwa ya chupa yanayouzwa kule: safi, baridi, rahisi, nayo yametoka katika nchi ya mchanga na mawe. Husemwa ya kuwa hiyo ni baraka ya nchi takatifu. Ni kweli ya kuwa neema yoyote asili yake ni kwa Mola. Lakini maziwa hutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe hula majani, na majani hunywa maji, na pale ambapo mbingu hazinyeshi mtu hupata haki ya kuuliza maji yale yametoka kwa nani.

Hapo ndipo yazuka mas'ala. Mtu amenunua ardhi kwa mali yake ya halali, akachimba kisima, akatia mtambo wa kuvuta maji, akanywesha mashamba ya majani ya kulishia ng'ombe wake wa biashara. Miaka ikapita, visima vya majirani vikapungua, kisha vikakauka. Je, mtu huyu ana dhambi, au hana? Kwenye baraza jawabu hupatikana upesi: ardhi ni yake, kisima ni chake, gharama ni zake, dhambi iko wapi? Jawabu hii ina asili katika vitabu vya fiqhi, wala haifai kudharauliwa. Walakini aliyeishika hajasoma mpaka mwisho wa mlango.

Kwanza lazima ijulikane maji yale yanakwenda wapi, kwani wengi hudhani ya kuwa ng'ombe ndiye ayanywaye. Ng'ombe wa kizungu anayekamwa, aliye mkubwa na mwenye maziwa mengi, hunywa kiasi cha lita 100 kwa siku, na katika joto kali huzidi. Akitoa lita 30 za maziwa, basi kila lita imegharimu lita 3 au 4 za maji ya kunywa. Ongeza ya kuoshea viwele na vyombo na sakafu, na katika nchi za jangwa ongeza maji yanayorushwa mfano wa ukungu ndani ya mabanda ili mnyama asife kwa joto. Haya yote ukiyakusanya bado ni machache. Wataalamu wawili wa chuo cha Twente, Uholanzi, Mekonnen na Hoekstra, walipotoa hesabu ya dunia nzima mwaka 2012 walipata kiasi cha lita 1,000 kwa kila kilo moja ya maziwa, na takriban yote ni maji yaliyoingia katika majani na nafaka alizokula ng'ombe.

Zingatia tena, ndugu msomaji, ya kuwa katika zile lita 1,000 zaidi ya 800 ni maji ya mvua. Mvua imenyesha, majani yameota, ng'ombe amekula, wala hapana kisima kilichopungua kwa ajili yake. Ng'ombe wa uani kule Pemba au Kilifi, anayekatiwa majani pembezoni mwa shamba la minazi, hana mgogoro na mtu. Ama mahali pasipo na mvua, hesabu ni ile ile lakini mlipaji amebadilika, kwa kuwa kila tone linalotiwa katika majani limetolewa chini ya ardhi. Jani linalopendwa na wenye ng'ombe wa maziwa ni alfalfa, ambalo Waarabu huliita barsimu. Lina nguvu nyingi na hukatwa mara nyingi kwa mwaka mmoja. Magharibi ya Arizona, katika Marekani, hutiwa maji kiasi cha futi 6 kwa mwaka, yaani lau shamba lingezungushiwa ukuta na maji hayo yakatiwa kwa mara moja, yangempita kichwa mtu wa kimo cha kati. Mvua ya mahali pale haifiki futi 1.

Basi mwenye kusema, "Maji haya ni ya wanyama," amesema neno lililo kweli kwa sehemu ndogo sana. Maji haya ni ya mimea. Tofauti hii itahitajiwa mbele katika hukumu, kwa hiyo na ishikwe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni al-Kharj, mji ulioko kusini-mashariki ya Riyadh, mwendo wa kilomita 80 hivi. Zamani palikuwa na chemchemi kubwa, mashimo marefu yaliyojaa maji mpaka juu, na watu wa Najd wakilima mitende na ngano pembeni yake. Mfalme Abdul-Aziz bin Saud aliweka mashamba hapo, na mwaka 1942 ujumbe wa wataalamu wa kilimo kutoka Marekani, mkuu wao Karl Twitchell, uliletwa kuitazama nchi. Mitambo ikaongezwa. Mwaka 1977 ilianzishwa kampuni ya Almarai, na mwanzilishi wake, Sultan bin Muhammad bin Saud al-Kabir, alishirikiana na ndugu wawili wa Kiairish waitwao McGuckian. Baadaye shamba jingine la al-Kharj, liitwalo Al Safi, liliandikwa mwaka 1998 katika kitabu cha Guinness kuwa ni kubwa kuliko mashamba yote ya ng'ombe wa maziwa duniani yaliyo chini ya uwanja mmoja. Neno "maziwa" kwa Kiswahili ni jina la vitu viwili. Al-Kharj ilikuwa na cha kwanza, sasa ina cha pili.

Chemchemi zile leo ni mashimo makavu. Kusini zaidi, katika al-Aflaj, palikuwa na maziwa ya Layla, ambayo watu wa Riyadh wakienda kuyatembelea kwa furaha. Katika miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha. Si haki kuwatwika ng'ombe mzigo wote. Serikali ya nchi ile ilikuwa imewalipa wakulima bei kubwa ili walime ngano, hata mwaka 1992 ikavunwa zaidi ya tani milioni 4 katika jangwa, nyingine ikauzwa nchi za nje. Mwaka 2008 ikakata shauri kuacha kidogo kidogo kuinunua ngano ile, na mwaka 2016 ikaacha kabisa. Wala waliojenga mashamba ya ng'ombe hawakuwa watu waovu. Nchi ilikuwa ikiishi kwa maziwa ya unga kutoka mbali, na wao wakawapa watoto wa Kiislamu maziwa mabichi. Hilo ni jema na lina thawabu kwa mwenye nia njema.

Lakini maji yenyewe ni maji gani? Wanaoyapima wanasema ya kuwa mengi yaliingia ardhini zamani za mvua, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, yakakaa katika tabaka za mawe. Mvua ya siku hizi, ambayo katika upande wa Riyadh ni kiasi cha milimita 100 kwa mwaka, hairudishi illa sehemu ndogo ya kinachovutwa. Visima vinashuka mamia ya mita, na vingine katika nchi ile hupita mita 1,000. Katika aya ya mwisho ya Suratul-Mulk watu wameulizwa ni nani atakayewaletea maji ikiwa yao yatazama ndani ya ardhi. Wafasiri wa zamani walilieleza hilo kuwa ni onyo la jambo aliwezalo Mwenyiezi Mungu. Haikuwapitia ya kuwa watu watalifanya wenyewe kwa mashine na kuajiri watu wa kulisimamia.

Sasa na yaangaliwe maneno ya wanavyuoni. Katika Minhaj, kwenye mlango wa kuhuisha ardhi mfu, Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 Hijria, ameeleza ya kuwa kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba mwenye kuchimba kisima ndani ya milki yake huyamiliki maji yake. Hapo wa barazani hushangilia. Lakini sheikh hakusimama hapo. Ameendelea kueleza ya kuwa maji yale, yawe ni milki yake au yasiwe, kinachozidi haja yake ni wajibu kukitoa kwa wanyama wa watu wengine. Ama kwa mashamba ya watu wengine si wajibu. Asili yake ni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) amekataza kuzuiwa maji yaliyozidi ikawa ndiyo njia ya kuzuia malisho.

Kwa nini mnyama akapewa na mmea ukanyimwa? Wanavyuoni wamejibu: kwa ajili ya heshima ya roho. Mnyama ana roho, anaona kiu, anateseka. Mmea hauna roho, ukikauka ni hasara ya mali tu. Hii ndiyo ile tofauti iliyotangulia kutajwa. Mwenye shamba la ng'ombe hutaka ahesabiwe kuwa ni mwenye wanyama, apate ile huruma ambayo sheria imemwekea mnyama mwenye kiu. Lakini katika kila lita 1,000 zake, zilizoingia katika koo lenye roho ni 3 au 4. Nyingine zote zimeingia katika mimea. Akisema ya kuwa mimea ile italiwa na mnyama, ataambiwa ya kuwa mtama pia utaliwa na mwanadamu, aliye bora kuliko ng'ombe, na hata hivyo wanavyuoni hawakuuhesabu mtama kuwa una roho. Majani hununuliwa sokoni na huletwa kwa gari na kwa meli. Kiu haingoji meli.

Atarudi kwa hoja nyingine, na hii ni nzito zaidi. Atasema: "Wajibu ni katika kilichozidi haja yangu, na wanavyuoni wameingiza katika haja yangu wanyama wangu na mimea yangu. Mimi nina ekari elfu kadha za majani; hapana kilichozidi." Kweli, wameiingiza mimea ya mwenye kisima. Lakini wameifunga haja ile kuwa ni haja iliyopo sasa. Kilichozidi leo hutolewa leo, ijapokuwa mwenyewe atakihitaji kesho, na sababu waliyoitaja ni kwamba maji ya kisima hurudi. Mtu akichota asubuhi, jioni yamejaa. Hukumu nzima imejengwa juu ya kurudi kwa maji. Aliyeandika alikuwa akiona kisima cha ndoo na kamba, au cha ngamia azungukaye, na kisima cha namna hiyo hata mwenyewe akiwa bakhili hawezi kukimaliza. Mkono wake huchoka kabla ya maji kwisha. Haja ya mtu ilikuwa na mpaka ambao hakuuweka yeye. Mtambo umeuondoa mpaka ule. Haja ya mwenye kuuza haina mwisho maadamu kuna mnunuzi, na ikiwa kila ongezeko la biashara litaitwa haja, basi neno "kilichozidi" limefutwa katika kitabu, na hadithi imebaki haina mahali pa kutumika. Hapana mwanachuoni anayekubali tafsiri inayoifuta hadithi.

Yuko atakayegeuza upande. Atasema ya kuwa sharti ya wajibu ni maji yenye kurudi, na maji ya chini kabisa ya ardhi hayarudi. Kwa hiyo yanafanana na maji yaliyomo katika mtungi, ambayo mwenyewe halazimiki kumpa mwenye wanyama. Huyu amesoma, na hoja yake si ya kuchekwa. Ila amesahau kuuliza mtungi ule umejazwa na nani. Aliyechota akajaza mtungi amemiliki kwa kazi ya mkono wake, na watu wengine walikuwa na nafasi ya kuchota kama alivyochota yeye. Maji ya al-Kharj hayakujazwa na mtu. Yalijazwa na Mola kabla ya Adi na Thamudi, chini ya ardhi za watu wengi kwa pamoja, na anayetoboa upande wake huteremsha kimo cha maji ya wote. Huyo hafanani na mwenye mtungi. Afanana zaidi na mshirika mmoja anayekula rasilmali ya shirika akaiita faida. Yaonekana basi ya kuwa kutokurudi kwa maji kunamzidishia mwenye kisima uzito, wala hakumpunguzii.

Imebaki ile asili ya jawabu ya barazani, na uaminifu wa elimu wataka itajwe wazi. Wanavyuoni wa Shafi wamesema ya kuwa aliyechimba kisima katika ardhi mfu ana mipaka yake, wala mwingine haruhusiwi kuja kuchimba karibu akayapunguza maji yake. Ama mtu akichimba ndani ya milki yake mwenyewe, na maji ya jirani yakapungua kwa sababu hiyo, hazuiwi. Hii ndiyo kauli ya madhehebu, na kuificha kungekuwa khiyana. Waingereza walifikia karibu na hapo. Mwaka 1843, katika kesi ya Acton na Blundell, mwenye mgodi wa makaa huko Lancashire alikausha kisima cha mwenye kiwanda cha pamba, na mahakimu wakasema ya kuwa aliyekosa maji hana dai.

Lakini kauli ya madhehebu ina kifungo ambacho mahakimu wale hawakuwa nacho. Nawawi huyo huyo amesema ya kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa jinsi ya ada ya watu, na akivuka mpaka huo hulipa alichokiharibu. Mwenye nyumba ana ruhusa kuwasha moto jikoni. Akiwasha tanuri la chokaa katika ua ulioungana na ukuta wa jirani, ukuta ukapasuka, haambiwi tena ya kuwa ua ni wake. Basi ni ipi ada ya kisima? Kwa zaidi ya miaka elfu ada ilikuwa kina ambacho mtu hufika kwa sururu na ndoo. Mtambo wa mita 500, uendao usiku na mchana, umeingia katika ada tangu lini, na kwa ridhaa ya nani? Si ada ya majirani, kwani hao wangali na visima vya baba zao. Kuwa wengi wenye mali hufanya jambo hakuligeuzi kuwa ada ya watu. Huwa ni ada ya wenye mali. Kwa hiyo lililo karibu zaidi na haki ni kwamba kunyamaza kwa madhehebu juu ya kisima cha ndoo si ruhusa ya kisima cha mashine, na anayejua ya kuwa anakausha visima vya watu, akaendelea, hawezi kujificha nyuma ya Nawawi. Hadithi ya kukataza madhara inamkuta mahali alipo.

Serikali ya Saudi yenyewe iliona hatari. Mwishoni mwa mwaka 2015 Baraza la Mawaziri liliamua kilimo cha majani mabichi ya mifugo kisimamishwe ndani ya miaka mitatu, na makampuni makubwa yakaanza kuleta majani kutoka nje. Uamuzi ule ulikuwa wa busara na umeokoa maji mengi. Lakini ng'ombe hawakupungua, wala majani hawakuacha kula. Mwaka 2014, kabla hata ya amri kutoka, Almarai kwa jina la tawi lake Fondomonte ilikuwa imekwisha nunua kiasi cha ekari 9,800 karibu na Vicksburg, Arizona, kwa dola milioni 47 na nusu; na mwanzo wa mwaka 2016 ikanunua kiasi cha ekari 1,790 huko Blythe, California, ambako mashamba hunywa maji ya mto Colorado. Tena ilikodi ardhi ya serikali ya Arizona katika bonde la Butler, kiasi cha ekari 3,500, kwa dola 25 kila ekari kwa mwaka, na maji ya chini yake hayakutiwa bei. Alfalfa ilikatwa, ikakaushwa, ikashindiliwa, ikapakiwa melini, ikavuka bahari mbili kwenda kuliwa na ng'ombe wa Najd.

Wanavyuoni wana kanuni ya kuwa dhara haiondolewi kwa kutia dhara nyingine iliyo kama yake. Mwenye nyumba inayoingia maji ya mvua ana haki ya kuyatoa. Hana haki ya kuyaelekeza mlangoni kwa jirani. Ikiwa kukausha kisima cha Mnajdi ni vibaya hata serikali ikakukataza, kukausha kisima cha mtu wa Arizona kumekuwa vizuri kwa sababu gani? Asiseme mtu ya kuwa wale si Waislamu. Abdallah bin Amr bin al-As alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, jambo la kwanza aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa, akataja ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliusiwa sana juu ya jirani. Sahaba aliyeona haki ya jirani wa dini nyingine katika kipande cha nyama hangeona tabu kuiona katika maji.

Itajibiwa ya kuwa sheria ya nchi ile imeruhusu. Ni kweli. Sheria ya Arizona ya mwaka 1980 iliweka mipaka ya kuvuta maji katika sehemu maalumu tu, na sehemu nyingine nyingi za mashamba zikaachwa, mwenye ardhi akivuta apendavyo maadamu ana kazi ya kuyafanyia. Wakulima wa Kimarekani ndio walio wengi katika kulima alfalfa huko, na baadhi yao waliwapigia kelele wageni kwa jambo ambalo wao wenyewe hulifanya kila siku. Unafiki huo upo, na Muislamu anaweza kuuona bila ya kuufanya udhuru. Ruhusa ya serikali humwondolea mtu faini. Haimwondolei suala la Kiyama.

Tena ruhusa yenyewe hurejeshwa. Abyadh bin Hammal wa Ma'rib, katika Yemen, alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe chumvi ya mahali pale, akapewa. Alipokwisha ondoka, mtu mmoja katika kikao akaeleza ya kuwa alichopewa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu wote hukijia. Mtume akakirejesha. Maji ya Butler hayafanani na chumvi ile kwa kila hali, kwani yanataka gharama kuyafikia na yana mwisho. Lakini hadithi imefundisha ya kuwa kipawa cha mtawala hakikatizi haki ya umma ikidhihiri. Oktoba 2023 Gavana wa Arizona, Katie Hobbs, alitangaza kukatwa kwa mkataba mmoja wa bonde lile kwa kuvunjwa masharti yake, na ya kuwa mitatu mingine haitaandikwa upya muda wake ukiisha Februari 2024. Disemba 2024 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Kris Mayes, alifungua kesi juu ya ardhi ya Vicksburg, akidai ya kuwa visima vya watu wa bonde la Ranegras vimekauka na ardhi yenyewe inadidimia kwa ajili ya kuvutwa maji. Kampuni imeshika ya kuwa haikuvunja sheria. Korti itaamua lake. Mas'ala ya dini haingoji korti ile.

Huulizwa kama basi maziwa yale ni haramu kwa mnywaji. La. Maziwa ni halali na mnywaji hana lawama. Hata aliyetawadha kwa maji ya kunyang'anya, udhu wake ni sahihi katika madhehebu, na dhambi ni ya unyang'anyi; sembuse hapa ambapo maji hayakunyang'anywa kwa maana ile. Kumtia msafiri wasiwasi katika kikombe chake ni ujinga unaojivika uchaji. Dhambi, ikiwapo, iko kwa mwenye mtambo, na kwa mwenye hisa ajuaye akanyamaza, na kwa mwenye amri aliyeweza kuweka mpaka asiweke.

Na mpaka wa namna gani? Liko jambo katika Qurani ambalo wasomaji hulipita upesi. Mtume Saleh alipoletewa ngamia jike kwa watu wa Thamudi, kule al-Hijr, katika kaskazini ya nchi hiyo hiyo ya al-Kharj, ngamia yule alikuwa ni muujiza wa Mwenyiezi Mungu, na wafasiri wamesimulia ya kuwa aliwatosha watu wote kwa maziwa. Lau pangekuwa na mnyama wa maziwa anayestahili kisima kizima, angekuwa ni yeye. Lakini hakupewa kisima kizima. Katika Suratush-Shuaraa na katika Suratul-Qamar maji yaligawanywa kwa zamu, siku yake na siku ya watu, na zamu ile ikawa ni yenye kujulikana. Walioangamizwa waliangamizwa kwa kumchinja, yaani kwa kukataa zamu kutoka upande wa watu. Wa leo wanaikataa kutoka upande wa ng'ombe.

Zamu haiwi yenye kujulikana mpaka iwe na kipimo. Mwenye kisima atajua kiasi gani amevuta, na jirani atajua, na aliyepewa hukumu baina yao atajua. Katika bonde la Ranegras, kwa miaka yote ambayo alfalfa ile ilikuwa ikikatwa na kupakiwa melini, sheria ile ya mwaka 1980 haikumlazimisha mwenye kisima hata kutia mita.

Wallahu aalam.